Mgongo unauma, nimepelekwa kwa mwanasaikolojia. Wameniona kichaa?

#1 Kiuno_Chuma
Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kucheka. Mwaka wa 6 huu mgongo unaniuma, huku chini kiunoni. Nimepigwa picha za kila aina, nimemeza vidonge mpaka tumbo likagoma, nimechomwa sindano mbili kwenye uti wa mgongo. Mwezi uliopita daktari akanipeleka kliniki ya maumivu. Kufika nikakuta watu wanne wananisubiri: daktari wa ganzi, mtu wa fiziotherapia, nesi na mwanasaikolojia. Huyo wa mwisho ndiye aliyekaa na mimi kuliko wote. Ananiuliza nalalaje, kazini kukoje, naogopa nini. Mgongo hata hakuugusa!

Swali langu ni hili. Hiyo timu ni tiba kweli, au ni namna ya kistaarabu ya kuniambia ugonjwa nimejitungia?

#2 Pumzi_Mbili
Nipo siti ya mbele.

#3 Nyundo_ya_Usiku
Pole mkuu, lakini ukweli usemwe: wameshindwa. Daktari akiishiwa, ugonjwa unabatizwa jina la msongo wa mawazo. Tafuta mpasuaji mzuri. Diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, ikibana neva haisikilizi ushauri nasaha.

#4 Nesi_wa_Zamu
Kiuno_Chuma, pole kaka. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya aina hiyo kwa miaka, naomba niseme ninachokijua.

Maumivu ya kidonda kipya ni kengele. Kuna moto, kengele inalia, moto ukizimwa inanyamaza. Maumivu sugu, yaani yaliyovuka miezi 3, mara nyingi ni kengele iliyoharibika. Moto ulishazimwa, yenyewe inalia, na mtu akipita tu mlangoni inalia zaidi. Huko si kujitungia. Neva za uti wa mgongo zikipigwa na ishara za maumivu muda mrefu zinakuwa nyepesi kushtuka, na Clifford Woolf alilionyesha hilo kwa wanyama mwaka 1983. Hata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe. Yanaweza kuandikwa kama ugonjwa, si lazima yawe dalili ya kitu kingine.

Kuhusu watu wanne: mzee wa jambo hilo ni daktari wa ganzi aitwaye John Bonica. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa anatibu wanajeshi waliojeruhiwa, akaona kuna wagonjwa wanaomshinda akiwa peke yake. Akawa anawaita wenzake, wa neva, wa mifupa, wa akili, wanakaa wanamjadili mgonjwa mmoja. Baadaye akaanzisha kliniki ya namna hiyo Seattle. Ndiye pia aliyeleta nadharia ya lango la maumivu.

Kwa hiyo mwanasaikolojia hakuwekwa hapo kukupima kichaa. Yumo kwenye timu tangu mwanzo.

#5 Takwimu_Kavu
Nesi umeeleza vizuri, ila nadharia ya lango si ya Bonica. Ni ya Ronald Melzack na Patrick Wall, 1965. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, ishara nyingine zinalifungua na nyingine zinalifunga, na ubongo nao unaweza kulisukuma kutokea juu. Ndiyo maana ukijigonga unasugua palepale na unapata nafuu. Bonica ana sifa zake nyingine: kitabu chake kikubwa cha tiba ya maumivu kilitoka 1953, na mkutano aliouitisha 1973 ndio uliozaa IASP, chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu.

Nyundo, na wewe njoo hapa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 ambao mgongo hauwaumi kabisa. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Waliokuwa na diski safi zote ni asilimia 36 tu. Sasa ukiona diski imetuna kwenye picha ya mtu anayeumwa, umejuaje kama ndiyo inayomuuma?

#6 Nyundo_ya_Usiku
Nimejuaje? Mimi nilipasuliwa, mguu ukaacha kuwaka moto wiki ileile. Au na mimi nilijitungia?

#7 Takwimu_Kavu
Umejijibu mwenyewe. Umesema MGUU. Neva ikibanwa moto unashuka mguuni, na hapo upasuaji unaweza kuleta nafuu ya haraka. Mleta mada anaumwa kiuno miaka 6 na mguu hajautaja.

#8 Kiuno_Chuma
Mguu uko sawa. Ni kiuno tu, na siku nyingine inapanda hadi mabegani.

#9 Mzee_Kigoda
Wanangu, nina miaka 71 na goti langu lina umri huohuo ingawa linajifanya mkubwa kwangu.

Nesi amemsahau Bonica kwenye jambo lililo tamu zaidi. Yule bwana alikuwa mpiga mieleka wa kulipwa. Ndivyo alivyojilipia masomo ya udaktari, akipanda ulingoni amevaa kinyago. Ile mieleka ikamwachia maumivu yaliyomwandama maisha yake yote. Aliyewafundisha madaktari kuketi pamoja alikuwa mgonjwa wa maumivu sugu. Nikisikia daktari kijana ananiambia "zoea tu mzee", namkumbuka huyo.

Halafu kuna hili la kuulizwa "kutoka 0 hadi 10 inauma ngapi". Nimeulizwa mara nyingi hadi nimekuwa fundi. Nikisema 5 narudishwa nyumbani. Nikisema 9 wananitazama, wanaona nimekaa natabasamu, wanaandika kitu. Siku hizi nasema 7. Mwaka wa nne sasa goti langu ni 7, mvua jua.

#10 Pumzi_Mbili
7 ya Mzee Kigoda iwekwe kwenye katiba 😂

#11 Asali_Chungu
Samahanini kwa kuharibu kicheko. Mimi ni mfano wa upande wa pili.

Nilianza kuumwa mgongo nikiwa na miaka 22. Nikaambiwa ni mawazo ya mitihani. Nikaambiwa nikae vizuri kwenye kiti. Nikapelekwa ushauri nasaha, dada wa watu alikuwa mwema sana, nikalia vya kutosha, mgongo ukabaki vilevile. Miaka 5 baadaye ndipo daktari mmoja aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Ukipumzika unapata nafuu au inazidi?" Inazidi. Asubuhi nilikuwa naamka kama ubao, nikitembeatembea nalegea. Usiku wa manane maumivu yananiamsha. Kumbe ni ankilosing spondilaitisi, kinga ya mwili inashambulia viungo vya uti wa mgongo. Nilipoanzishiwa dawa zake nilirudi kuwa mtu.

Kwa hiyo Nesi, hiyo kengele yako naielewa, ila kwangu moto ulikuwa unawaka kweli na watu wanapapasa waya za kengele.

#12 Nesi_wa_Zamu
Asali, pole sana mdogo wangu, na uko sahihi kabisa. Timu nzuri inaanza kwa kutafuta moto. Mwenye kuumwa mgongo huku miguu inaishiwa nguvu, au amekufa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe, huyo asisome uzi, aende hospitali saa hiyohiyo. Homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani, maumivu yanayozidi usiku, hayo nayo yachunguzwe kwanza. Na Takwimu, asante kwa masahihisho ya lango.

#13 Nyundo_ya_Usiku
Mnaona? Asali angesikiliza habari za kengele angekuwa ubao hadi leo.

#14 Nahodha_Kavu
Ngoja niwape kisa. Kuna fundi ujenzi Uingereza aliruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15. Ukaingia kwenye buti ukatokezea juu. Maumivu aliyokuwa nayo, hata kuguswa msumari hataki, ikabidi wamlaze kwa fentanili, dawa kali ya maumivu. Walipovua buti, msumari umepita kati ya vidole. Mguu hauna hata mchubuko!

#15 Nyundo_ya_Usiku
Kamba hiyo.

#16 Takwimu_Kavu
Si kamba. Kiliandikwa kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, mwaka 1995. Na fundi hakuwa anaigiza. Macho yaliona msumari, ubongo ukatoa hukumu, maumivu yakaja. Kisa cha kinyume chake kipo pia: Henry Beecher, daktari wa ganzi wa jeshi la Marekani, aliandika 1946 kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani. Wengi wao walipoulizwa walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Alidhani ni kwa sababu kwa askari jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai.

#17 Viungo_Laini
Nimechelewa, lakini mimi ni mfiziotherapia na nimeona wote mnagombania ubongo na diski, misuli haina wakili.

Mtu akiumwa anaacha kuinama. Wiki mbili ni busara. Miaka 6 ni janga. Misuli inanyong'onyea, viungo vinakaza, akijaribu kuinama siku moja inauma kweli, anapata ushahidi kwamba kuinama ni hatari, anaacha zaidi. Halafu ikitokea siku njema anajisahau, anafanya kazi za wiki nzima kwa siku moja, kesho yake yuko kitandani. Hapo ndipo namkuta. Kazi yangu ni kumpa kipimo: tembea dakika 8, hata kama unajisikia unaweza 30. Kesho 8. Wiki ijayo 10. Watu wanakasirika kwa 8 yangu kuliko kwa maumivu.

Sasa nikimpa mazoezi peke yangu anaacha wiki ya tatu, kwa sababu anaogopa. Ndiyo maana mwanasaikolojia yupo, huo woga ndio kazi yake. Na yeye akiwa peke yake, mtu anaacha kuogopa ila hana misuli ya kumbeba. Na wote wawili tunakwama kama halali usiku, tunamsubiri daktari aangalie dawa. Msitoane macho, kila mmoja hapo ana kipande chake.

#18 Kiuno_Chuma
Viungo_Laini, umeniona dirishani au? Hiyo ya kufanya kazi za wiki nzima siku moja ndiyo mimi.

#19 Mama_Pacha
Kipande cha usingizi ni cha kwangu, naomba nikitetee. Nina faibromayalgia, mwili mzima unauma na vipimo vyote viko safi. Kwangu tiba iliyobadilisha mambo ilikuwa usingizi, kabla ya mazoezi, kabla ya yote. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wazima wa afya, wakawa wanawavuruga kila wakizama kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache watu wale wakaanza kulalamika misuli inauma. Walikuwa wazima! Sasa mimi niliyelea mapacha, nani anashangaa?

#20 Nyundo_ya_Usiku
Mama_Pacha, maumivu ndiyo yanayokunyima usingizi au kukosa usingizi ndiko kunakoleta maumivu?

#21 Mama_Pacha
Ndiyo.

#22 Pumzi_Mbili
😂😂 Nyundo kapigwa nyundo.

#23 Shaka_Bin_Shaka
Na mimi niweke langu, najua nitatukanwa. Mnasifia timu. Mimi nahisi kinachomponya mtu pale ni kusikilizwa. Mleta mada mwenyewe kasema mwanasaikolojia ndiye aliyekaa naye kuliko wote. Miaka 6 alikuwa anapewa dakika 5 na karatasi ya dawa. Mweke mtu yeyote mwenye koti jeupe na subira, muda uleule, tuone.

Na msiniambie plasibo, yaani dawa ya bandia isiyo na kitu ndani, si kitu halisi. 1978 Levine, Gordon na Fields waliwapa plasibo watu waliong'olewa meno, wengine wakapata nafuu. Walipowapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya morfini, maumivu yao yakaongezeka. Maana yake mwili ulikuwa unatengeneza dawa yake wenyewe.

#24 Takwimu_Kavu
Shaka, hoja nzito, ila ina pengo. Uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, kuhusu mgongo sugu ulikusanya majaribio 41, watu 6,858. Timu za fani nyingi zilishinda huduma za kawaida, na zilishinda pia tiba za viungo peke yake, ambako mgonjwa naye alishikwa na kusikilizwa. Nafuu si ya kuruka ukuta, ni ya wastani. Walipolinganisha timu na upasuaji, tofauti ilikuwa ndogo ila madhara yalikuwa mengi upande wa kisu. (Nyundo, sijakuita.)

Ila nikubali jambo moja. "Timu" kwenye majaribio yale si kitu kimoja. Nyingine ni saa chache kwa jumla, nyingine zaidi ya 100. Ni kama kulinganisha kijiko na sufuria.

#25 Shaka_Bin_Shaka
Hapo ndipo ninapopataka. Kama hamjui ni kijiko au sufuria, hamjui kinachotibu ni nini.

#26 Ganzi_Nusu
Mimi natoka upande wa dawa. Watu wanauliza kwa nini tusitoe tu dawa kali. Tulishatoa. Mwaka 1980 jarida kubwa la tiba Marekani lilichapa barua ya aya moja iliyosema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa opioidi (dawa kali za jamii ya morfini) hospitalini, ni 4 tu walioingia kwenye uraibu. Wale walikuwa wamelazwa. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayemeza vidonge nyumbani miaka mitatu. Lakini ilinukuliwa kana kwamba imesema. 1996 OxyContin, kidonge cha opioidi, ikaingia sokoni, na yaliyofuata mnayajua: uraibu na vifo.

Jaribio la kweli lilikuja kuchapishwa 2018: wagonjwa 240 wenye mgongo sugu au magoti na nyonga zilizochakaa, nusu opioidi, nusu dawa nyingine, miezi 12. Kwenye kufanya shughuli za kila siku hawakutofautiana. Kwenye ukali wa maumivu, wa opioidi walikuwa vibaya KIDOGO zaidi. Mgonjwa wa saratani anayekaribia mwisho ni jambo jingine kabisa, huyo asinyimwe morfini kwa woga wa watu.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Miongozo ya 2021 ya NICE, taasisi yao ya kuelekeza tiba, kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine inasema usimwanzishie mtu hata parasetamoli. Wanataja mazoezi, tiba ya saikolojia, vitobo vya sindano za Kichina, na baadhi ya dawa za sonona.

#27 Mzee_Kigoda
Dawa za sonona mimi nilipewa. Nikasema sina sonona, nina goti. Kijana akanieleza kwamba zinafanya kazi kwenye njia za neva ambazo ubongo unazitumia kupunguza ishara za maumivu. Nilimeza. Goti bado 7, lakini mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kuongea naye.

#28 Asali_Chungu
Ganzi_Nusu, hiyo ya NICE iliwakasirisha watu wengi na mimi nimo. Ukimwambia mtu "maumivu yako hayana chanzo kingine", una uhakika gani kama umetafuta? Mimi nilikuwa "sina chanzo" miaka 5.

#29 Ganzi_Nusu
Dada, sina jibu la kukutosheleza. Kuna waliotafutiwa kidogo kama wewe, na kuna waliotafutiwa mpaka wakapasuliwa mara tatu kwa sababu ya picha. Wote nimewaona, na mlangoni wanafanana.

#30 Hesabu_Wazi
Mnazungusha tu, jibu ni pesa. Marekani kliniki za timu zilikuwa nyingi miaka ya 1980, kisha zikafungwa moja baada ya nyingine. Si kwamba zilishindwa kutibu. Bima zililipa sindano na upasuaji bila maswali, ila wiki tatu za watu wanne kukaa na mgonjwa mmoja zikawa na maswali mengi. Sindano ina risiti, mazungumzo hayana.

#31 Viungo_Laini
Hapo umegonga, ila si pesa tu. Wataalamu wenyewe hawapendi kukaa meza moja. Nimeshawahi kuwa kwenye "timu" ambayo daktari anasema mgongo umechakaa, mimi nasema mgongo ni imara uinamishe, mwanasaikolojia anasema tuuache mgongo. Mgonjwa ana migongo mitatu. Timu ni pale wote wanne wanasema sentensi moja.

#32 Kiuno_Chuma
Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki 7. Asanteni wote, hata wewe Nyundo.

Kwanza, kwa sababu ya Asali niliwauliza kuhusu moto. Daktari akarudia maswali, akapima damu, hakuna kitu. Nikatulia kidogo.

Pili, mwanasaikolojia nilimuuliza usoni: umeniona kichaa? Akacheka, akasema watu wengi wanamuuliza hivyo siku ya pili, wewe umewahi. Tunachofanya ni kuandika kila nilichoacha kufanya kwa sababu ya mgongo. Nilidhani ni mambo manne. Ukurasa umejaa mbele na nyuma.

Tatu, maumivu. Mkitaka namba, yalikuwa 6, ni 6. Wakati mwingine 5. Lakini jana nilifunga kamba za viatu nikiwa nimeinama, bila kukaa kitandani, na nilikuja kukumbuka baadaye kwamba nimeinama. Sijui ni zile dakika 8, sijui ni usingizi maana nimebadilishiwa dawa ya usiku, sijui ni Shaka na kusikilizwa kwake.

#33 Nyundo_ya_Usiku
Hongera. Ila mgongo sugu una misimu, unapanda unashuka. Mtu anakwenda kliniki siku umepanda, ukishuka wenyewe kliniki inachukua sifa.

#34 Takwimu_Kavu
Leo nakubaliana na Nyundo, nahisi homa. Ndiyo maana majaribio yanawekewa kundi la kulinganisha.

#35 Shaka_Bin_Shaka
Mimi nachukua asilimia 50 ya kamba za viatu.

#36 Viungo_Laini
Dakika 8 ni zangu. Sasa ongeza iwe 10, na usiniletee 30.

#37 Mzee_Kigoda
Kiuno_Chuma, hiyo 6 usiiachie. Ukisema 5 watakuondoa kliniki.

#38 Pumzi_Mbili
Wakuu, nimekaa siti ya mbele tangu mwanzo nacheka, ila nyonga yangu ina miaka 3 na hakuna anayejua nyumbani. Huo ukurasa wa vitu ulivyoacha kufanya, mtu anaanza kuandika na kipi?